Kaa wa Kwenye Matope ya Mafuta

Changamwe, Jumanne, 1962

Wote wanaisimulia kombo. Barazani wanasema mpwa wangu Salim ndiye aliyeyasafisha yale matope ya mikokoni yaliyomwagikiwa mafuta. Uongo! Salim kaleta usomi tu. Samadi ya mbuzi nimeichanganya mimi, na vijidudu vya samadi ndivyo vilivyoyala mafuta. Mbuzi wangu ndio wa kupewa shahada.

Leo kanisomea makala yake ya utafiti. Kesho anayatia posta, yaende Ulaya.

"Mjomba, hapa ndipo watakaponibana. Kaa walirudi kabla ya mvua?"

"Kabla! Mmoja hata kaniamkia shikamoo."

"Mjomba, sitaki mzaha. Ikiwa ni baada, watasema mvua ndiyo iliyoosha, nami kazi sina."

"Wallahi, kabla."

Akaandika.

Tangu hapo nawaza. Wazungu wakija wenyewe kuniuliza? Na nimeshaapa, na jina la Mungu si la kuchezea...

Kaa niliwaona kwa macho yangu, hilo halina ubishi. Lakini mkononi nilikuwa na mwavuli, unachuruzika maji. Hiyo "kabla" niliitunga.