Vyelezo Masikioni mwa Naserian

Arusha, Jumapili jioni. Mvua.

Na bado mke wangu anasema nanuka nyoka. Kwao Waarusha samaki ni nyoka wa majini, nami mtu wa Pangani, niliyeletwa huku na Wadachi kuwa karani bomani, nimeoa kwao kwa hiari yangu.

Asubuhi nilitengeneza vyelezo vya mshipi wangu wa kuvulia samaki, vya kuelea juu ya maji. Niliokota manyoya ya korongo, nikayakwangua mpaka ikabaki mirija mitupu, myeupe, kisha nikaziba matundu kwa nta. Ili nivione vizuri majini, nilivipaka ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipamba, kwenye ncha. Ngeu ilikuwa ya mke wangu, Naserian. Sikuomba.

Mtoni vilielea vizuri ajabu. Kimoja kikazama, nikavuta kambare mnene, nikarudi nyumbani nikitembea kama jumbe.

"Huyo akiingia ndani, mimi natoka. Narudi kwa mama." Naserian alikuwa amesimama mlangoni.

Sikucheka, maana huyu akisema anaondoka, anaondoka. Nikamchoma kambare wangu nje, nikamla peke yangu, mvua ikinipiga mgongoni.

Nilipoingia, vyelezo havikuwapo. Naserian alikuwa amevining'iniza masikioni, ncha nyekundu zikitazama chini, anajiangalia kwenye maji ya sufuria.

"Kumbe mikono yako ina kazi," akasema, kwa upole ambao nilikuwa nimeshausahau. "Mama anakuja kesho. Mtengenezee na yeye, virefu kidogo."

Sasa mshipi wangu hauna chelezo hata kimoja. Na nimeambiwa nioge kabla ya kugusa manyoya ya hereni za mama mkwe, nisije nikayanukisha samaki.