Hapa Hakuna Meza ya Mtu Mmoja

Jumapili, tarehe 2 Juni

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Habari za mguu, umepungua kuvimba? Kuku wako wanataga? Mimi nimefika salama, afya ni ya simba. Jino moja tu linanisumbua, nalo nimeliambia lisubiri.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu mambo nisiyokuuliza. Kuandika najua, nilifundishwa kiwandani na cheti ninacho, usimruhusu mtu akuambie herufi zangu zinalala.

Binti yangu anakaa mtaa wa watu maridadi, karibu kabisa na katikati ya mji. Dada, huku mtu ananunua baiskeli halafu anaitundika ukutani. Mbwa wanasukwa nywele. Mgahawa wa binti yangu uko kwenye kona na una madirisha makubwa. Kuta hazijapigwa plasta, nikamwambia nitamtafutia fundi, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndio urembo wenyewe.

Chakula anachouza kinaitwa branchi. Si cha asubuhi, si cha mchana, ni kama popo, si ndege si mnyama. Kinaliwa saa nne, saa tano, na watu ambao ukiwauliza wanafanya kazi gani wanakuonyesha kompyuta. Ni mayai, mkate, uyoga, parachichi, na maharage yale uliyomfundisha wewe. Nilikula sahani mbili nikamwambia si mabaya. Mimi kusema si mabaya unajua uzito wake.

Ila watu ni wachache. Mwenye nyumba amesema mwezi wa nane ukiisha meza hazijajaa, kona anampa muuza miwani. Binti yangu hapo atarudi kuosha vyombo kwenye majiko ya watu. Usihofu, niko hapa. Mtu aliyelisha zamu tatu za kiwanda kizima hawezi kushindwa na kona moja.

Nduguyo,
Mfuniko


Jumatano, tarehe 12 Juni

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mguu unakwenda. Kuku wanataga, isipokuwa yule mwekundu mwenye tabia zako, anapiga kelele tu na yai halionekani.

Nimefurahi umefika. Sasa nisikilize, maana nimekubeba mgongoni na nakujua. Ulikwenda huko kupumzika. Binti yako amesoma kazi yake, anajua wateja wake, wewe kaa pembeni unywe chai. Jana nimepanguza vumbi chumbani kwako, nikatazama rafu. Mfuniko haupo. Ule mfuniko wa sufuria uliokupa jina, uliopewa kiwandani siku unastaafu, ule uliokuwa unaupiga kwa mwiko mpaka watu wazima wanakimbilia kwenye benchi kama watoto. Umeupeleka wapi?

Usinijibu kwamba umeibiwa. Uache ndani ya sanduku. Watu wa huko wanataka kula kwa utulivu, si kupangwa kama matofali. Ukimharibia mwanangu mimi na wewe tutasemeshana.

Mnunulie kitambaa kizuri cha kichwa, mwambie kimetoka kwangu.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 24 Juni

Kwa dada yangu,

Shikamoo tena. Natumaini barua inakukuta mguu umenyooka. Jino langu lilisubiri likachoka, limetoka lenyewe.

Mfuniko nimekuja nao kama kumbukumbu. Uko sandukuni. Una neno lingine?

Nina nafasi ya kukuandikia kwa sababu hapa mgahawani hakuna watu wa kunizuia. Nieleze ninachokiona, uniambie kama mtu mwenye akili timamu anaweza kukaa kimya. Binti yangu ana meza kubwa nne. Asubuhi anaingia kijana mwenye kompyuta, anakaa meza ya kwanza, viti vitano vitupu. Anaingia mama na kitabu, meza ya pili. Fundi baiskeli, ya tatu. Wa nne anaweka koti lake kwenye kiti kama vile koti nalo litaagiza mayai. Basi, mgahawa umejaa. Watu wengine wanachungulia dirishani, wanaona meza zimekaliwa, wanakwenda zao. Kumbe ndani tuko kama msibani kwa mtu asiyependwa.

Nilimwambia binti yangu, bwaloni kwetu nilikuwa najaza kuanzia ukuta wa nyuma kuja mlangoni, bega kwa bega, wala hakuna aliyechagua jirani. Akanijibu kwa upole kwamba watu wa huku hawapendi kukaa na wasiowajua. Akasema kinachotakiwa ni kuandikwa kwenye gazeti. Kila Ijumaa kuna mwandishi anawaambia watu wa mtaa huu wakale wapi branchi, na akitaja mahali wanafuatana kama siafu. Yeye hajawahi kutajwa. Anasoma ukurasa huo amesimama, halafu gazeti analitumia kufungia vitunguu.

Nimenyamaza. Lakini kunyamaza kwangu unakujua.

Nduguyo,
Mfuniko


Ijumaa, tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya jino. Sasa maneno yatapita bila kizuizi.

Kunyamaza kwako nakujua ndiyo maana silali. Mwache mtoto. Gazeti litamwona kwa wakati wake.

Na nikuambie jambo. Unajua niliapa sitakanyaga mji huo, na kula saa nne asubuhi kama mtu asiye na shamba ni aibu. Sawa. Siku watu wa mtaa huo watakapopanga foleni mlangoni kwa mwanangu, nitapanda basi mimi mwenyewe na mguu wangu huu, nije nile huyo popo wenu. Nimesema. Mpaka siku hiyo, mfuniko ukae sandukuni.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Tangu niandike sijaona jibu, nawe ni mtu ambaye hata ukinunua soksi unatangaza. Ukinyamaza wewe kuna nyumba inaungua.

Nimempigia binti yako, nikasikia neno moja tu, gazeti, tena kwa sauti ya kulia. Niambie umefanya nini.

Dada yako


Jumapili, tarehe 11 Agosti

Kwa dada yangu mkubwa, mpanda mabasi,

Shikamoo sana. Mguu uuandae. Mimi ni mzima kupita kiasi, sauti tu imekauka na utajua kwa nini.

Sikukuandikia kwa sababu mimi siandiki barua za kushindwa. Sasa naweza. Kaa chini.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba ilinyesha mvua. Mhudumu akashindwa kufika, binti yangu akawa peke yake jikoni, akaniomba nisimamie mlango tu. Meza zile nne zimekaliwa na watu wanne. Nje chini ya paa wamebanana watu wanalowa, wananitazama kupitia kioo, mtoto mchanga analia. Chakula kipo, viti vipo, watu wana njaa. Dada, hata wewe ungefanya. Nilikwenda nyuma nikachukua mfuniko. Sandukuni ulikwisha hama zamani.

Niliupiga mara moja, mgahawa mzima ukanigeukia. Nikamwambia wa kompyuta asogee ukutani. Koti nikalitundika. Nikafungua mlango, nikaanza kujaza kutoka nyuma kuja mbele kama zamu ya asubuhi. Mama wa mtoto nikamweka na mama wa kitabu, kitabu kikafungwa, mtoto akapakatwa. Mwenye nyumba naye akaingia, amekuja na futi kupima ukuta wa muuza miwani. Nikamkalisha karibu na fundi baiskeli, futi nikampokonya. Mwisho akaja mwanamke mmoja wa nywele fupi, ananyoosha kidole dirishani, anataka meza ya mtu mmoja.

Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna meza ya mtu mmoja. Kula peke yako ni ugonjwa, na dawa yake iko kwenye kiti kile."

Akakaa kati ya fundi na mwenye nyumba. Nikatoa sufuria ya maharage nikaitua katikati na mwiko mmoja, nikawaambia wapakuliane.

Wawili waliinuka wakaondoka wamenuna. Waliobaki mwanzoni walikula kama wanaojificha. Halafu fundi akamwuliza mwenye nyumba kama yule anayempangisha chumba kinachovuja ni yeye, meza nzima ikacheka, hata mwenye nyumba. Hapo binti yangu akatoka jikoni. Akamwona mwanamke wa nywele fupi na maharage kwenye mkono wa blauzi, akashika ukuta. Yule mwanamke alilipa, akaondoka.

Jioni ndipo nikaambiwa ni nani. Ndiye mwandishi wa ukurasa wa Ijumaa.

Binti yangu hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema, "Baba, hapa si kiwandani. Kuanzia kesho utakaa nyumbani." Nikakaa. Chakula changu kililetwa kimefunikwa, naye haniangalii. Ijumaa ikapita, gazeti kimya. Ijumaa nyingine, kimya. Mwenye nyumba naye hakurudi, na mwezi wa nane ulikuwa umeingia. Mimi ukuta wa chumba kile naujua kila ufa.

Juzi Ijumaa nasikia viatu ngazini, vinakuja mbio. Mlango ukafunguliwa, binti yangu amesimama na gazeti kwapani, mkono huu mfuniko, mkono huu mwiko.

Akasema, "Baba, vaa viatu."

Gazeti nimelikariri, nakupa kiini chake. Ameandika kwamba ukitaka kula branchi mtaa huu nenda kwenye kona ya madirisha makubwa. Ameandika: "Niliingia nikitaka kuwa peke yangu, sikukubaliwa. Mzee wa mlangoni hana adabu hata kidogo, na meza yake ndiyo bora mjini." Ameandika amerudi mara mbili, mzee hayupo, watu wamekaa kila mmoja na meza yake, maharage matamu vilevile lakini ameyamaliza kimya. Anauliza mzee amepelekwa wapi.

Jana Jumamosi foleni ilifika kwa muuza maua. Nimepanga watu mpaka sauti imekauka. Waliosema hawapendi kukaa na wasiowajua wanabadilishana namba za simu. Mwenye nyumba alikuja bila futi, akasimama kwenye foleni kama wengine, akataka kiti cha dirishani. Nikampa cha jikoni. Muuza miwani ameambiwa atafute kona nyingine.

Dada, foleni umeisikia. Ulisema nini kuhusu basi?

Nduguyo mshindi,
Mfuniko


Jumamosi, tarehe 31 Agosti, asubuhi

Kwa dada yangu aliyepotea,

Shikamoo, kama upo. Tangu nikuandikie ushindi wangu, wewe umekuwa jiwe. Mguu umezidi? Au ni kiapo kimekukaa kooni? Nitakusamehe ukikiri tu kwamba nilikuwa sahihi na wewe hukuwa. Mstari mmoja unatosha, hata

Naendelea, sasa ni saa tano na nusu. Nilikatizwa na kelele za foleni. Kulikuwa na mtu huko nyuma anawaambia watu wasogee, anauliza kwa nini wasiofanya kazi wanatembea polepole hivi. Nikajua leo nimepata mpinzani. Sikuinua hata macho, nikasema wewe mwenye mwavuli mweusi, kaa pale katikati.

Ukanijibu, "Mfuniko, mimi ni dada yako. Sipangwi."

Nami mbele ya mgahawa mzima, mfuniko nimeuficha mgongoni kama zamani ukinishika nakomba asali, nikasema, "Shikamoo dada. Hapa kila mtu anapangwa."

Na ukakaa. Watu wote ni mashahidi.

Kona imejaa, hakuna kiti, ndiyo maana nimepata nafasi ya kumalizia barua hii hapa mlangoni. Nakuona. Umekaa kati ya mwandishi wa gazeti na mwenye nyumba, mwiko umeshawanyang'anya, unawapakulia wewe. Mwenye nyumba umemwambia amalize sahani yake na anamaliza. Binti yangu amesimama mlango wa jikoni na kitambaa chako kichwani, anajifuta macho, anasingizia vitunguu.

Barua hii siipeleki stendi. Naikunja, naiweka chini ya sahani yako, utaikuta ukimaliza kula. Nasema ukimaliza, kwa sababu naona umejiongeza tena, wewe usiyekula saa nne.

Kula haraka, dada. Kuna watu nje wanangoja kiti.

Nduguyo,
Mfuniko