Mizabibu Yako Imeshika

Kinole,
Morogoro.
20 Julai, 2025.

Mpendwa kaka Eustace,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi Irene na watoto. Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mama akainuka kukuchemshia mdalasini, nikamkumbusha kwamba uko Afrika Kusini. Sisi tupo, tunapumua, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira.

Najua huko Paarl nako ni majira ya baridi, lakini nyie mna hita. Sisi tuna moto wa jikoni na makoti ya mitumba. Ukungu unashuka asubuhi na kukaa mpaka adhuhuri. Nguo hazikauki, na mdalasini tunauanika na kuuanua kutwa nzima. Miguu ya mama imezidi kumsumbua, siku hizi hata msalani namshika mkono. Mdomo ndio mzima kabisa. Juzi kaniambia nimenenepa, halafu akaniambia sili.

Sasa habari za mizabibu yako. Hamisi, yule dereva wa lori, alizileta pingili ulizoagiza Dodoma, zimefungwa vizuri ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Nilichagua pale mteremkoni, chini ya jiko, penye jua zaidi, nikang'oa magimbi, nikasimamisha nguzo na kuvuta waya kama ulivyoonyesha kwenye video. Jirani yetu Fransisko alikuja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema zabibu zinapenda ukame na sisi tunaishi mawinguni. Mama naye alipokuona kwenye video, huko kazini kwako, unakata matawi yote ya mzabibu, unabakiza kigogo, aliuliza, "Huo mti umemkosea nini mwanangu?"

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Ukipiga wewe tu, mama anataka iwekwe spika, na majirani nao wanasogea. Barua hii ataileta Yusuph, mwalimu wa Mzumbe anayekuja huko kusoma. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Kaka, desturi ya kwetu unaijua. Mahindi na maharage mtu anapanda tu. Lakini mmea wa kudumu ukiingia kwenye shamba la mama, watu wa lukolo, ukoo wetu wa upande wa mama, lazima waitwe, wanywe togwa, na anayepanda atajwe mbele yao. Akishatajwa ndiye mtunza nyumba, na mtunza nyumba haondoki. Sijui ulipoagiza hizo pingili ulikuwa umesahau, au ulikumbuka vizuri mno.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Magreth, binti wa mama mdogo, amechoka kupanga chumba mjini na wanawe, anatamani kurudi huku kulima. Tuliongea, tukaelewana kwamba atajwe yeye. Siku watu wa ukoo walipokutana, mwishoni mwa Mei, alikuja na jembe lake kabisa. Mjomba Joseph akauliza nani anapanda. Nikafungua mdomo, lakini mama akanitangulia. "Veronika," akasema. "Atashika mpaka kaka yake arudi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ningesema nini, kaka, mbele ya watu wote wale, na mama ananitazama kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu baba afariki? Nikapiga magoti, nikapanda. Magreth akabeba jembe lake akateremka bila kuaga, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Mungu anisamehe, kila asubuhi nilikuwa nakwenda kuangalia kama pingili zimekauka. Hazikukauka. Zote zimeshika, zina majani madogo mazuri, na Fransisko ameacha kucheka.

Yuko mtu anaitwa Fidelis, nilikuwa sijakueleza. Ni mgane, anafanya kazi stesheni ya Ngerengere, mpole, anapika wali vizuri kuliko mimi. Ameniomba anioe. Kazi yake iko kule, hawezi kuhamia huku juu, na mimi nataka kwenda. Naandika hivyo hivyo uone kwa macho yako: nataka kwenda. Zamani akipiga simu tulikuwa tunaongea mambo mengi tu. Sasa anauliza, "Lini?" na mimi namsimulia habari za hali ya hewa.

Ulinunua ng'ombe, nikamchunga. Ukaleta mizinga ya nyuki, nikaumwa. Kila unapomtumia mama kitu cha kumfurahisha, kinatua kichwani kwangu. Nimechoka kaka, na usiku mwingine nasikiliza mvua juu ya bati mpaka kunakucha. Siogopi kumuuguza mama. Ngerengere si mbali, ningemchukua nikae naye, Fidelis amekwisha kusema mlango uko wazi. Lakini mama hatoki hapa, kwa sababu anakusubiri wewe.

Na mimi najua huji. Uliniambia mwenyewe mwaka jana, kwamba mmenunua nyumba huko na mtazeekea huko, ukanisihi nisimwambie. Nimenyamaza. Wewe ukaendelea kumpangia mama nguzo na waya, na yeye anahesabu kila nguzo kuwa ni hatua yako ya kurudi.

Nakuomba jambo moja tu, wala si zawadi. Ukishaisoma barua hii, mpigie Jumapili tukitoka misa, umwambie mwenyewe kwamba hurudi. Akilijua hilo, lile neno lake la mpaka urudi limekwisha, na mjomba Joseph atawaita watu upya wamtafute wa kukaa kweli. Magreth nitamfuata hata kwa miguu. Mama atalia, nami nitakuwa pale nimemshika. Lakini maneno yatoke kinywani mwako. Nikiyasema mimi, ataona nimekuzulia ili niolewe.

Msalimie sana wifi Irene, na Brian na Tumaini, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mjomba Joseph anakusalimu, na Fransisko pia. Mungu akulinde kazini, na akupe moyo wa kusema hilo neno.

Mama anajua nakuandikia, ila hajui ninachoandika. Amekaa hapa kando yangu na blanketi magotini, ameniagiza nikuambie kwamba zabibu za kwanza hatazigusa mpaka uje uzichume mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye hata katika hasira hizi,

Veronika