Ukuta Uliovuliwa Saruji

Albuquerque, 11 Februari 1996

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za baridi huko, na kifua je? Mimi mzima, nasoma mpaka macho yameingia ndani.

Mama, utacheka. Muhula huu tunafundishwa kujenga nyumba zisizoidhuru ardhi, na leo mwalimu ametuonyesha nyumba ya udongo kama yetu. Kuta nene, dirisha kubwa upande wa kusini: mchana ukuta unaota jua, usiku unawarudishia joto waliolala. Darasa zima liliduwaa. Nikasema mimi nimezaliwa humo, wakanitazama kama mtoto wa gavana.

Kisha akaja kwenye saruji. Anasema udongo hunywa maji na kuyatoa, lakini ukishaupaka saruji maji huingia kwa nyufa na hayana pa kutokea. Ukuta unaoza kwa chini huku nje unang'aa. Na wetu umepakwa saruji: hebu choma kijiko ukutani, ndani, karibu na sakafu. Kikizama, saruji itoke. Juni nitakuja na wenzangu tukandike upya kama zamani, kabla ya mvua za Julai.

Mwanao,
Zenaida

*

Las Moras, 3 Machi 1996

Kwa mwanangu Zenaida,

Marahaba. Kifua kinasumbua lakini hakijanishinda. Shangazi yako Domitila anakusalimu, anauliza kama huko mnakula au mnachora tu.

Nimecheka kweli, ila si kwa furaha. Umesahau ulivyokuwa ukirudi kutoka shule unalia kwamba wanakuita mtoto wa matope? Ulikuwa unashuka basi kwenye kona ya mbali ili wasiuone mlango wetu. Marehemu baba yako akauza ng'ombe, akanunua saruji, akaipaka kwa mikono yake. Na mimi nilifurahi, sikufichi, maana kila Juni nilikuwa nakandika mpaka kucha zinang'oka. Sasa mwalimu wako amesema matope ni mali, basi matope ni mali. Mpe asante zangu.

Nimechoma kijiko chumbani kwako. Kimezama mpaka mpini.

Haya, tutaibomoa saruji, mimi na Domitila. Lakini nisikilize. Ukuta uliovuliwa ni kama mtu aliyevuliwa nguo, mvua haimwonei haya. Zamani tulikuwa wanawake wa kijiji kizima, tunapiga porojo na kukandika, wiki haiishi nyumba imekwisha. Leo wengine wako makaburini na wengine huko mjini kwenu. Nikiivua, uje.

Mama yako,
Eufelia

*

Albuquerque, 14 Juni 1996

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote, na shangazi mgongo haumsumbui.

Mama, usikasirike. Nimepata nafasi ya kiangazi katika ofisi ya mchoraji majengo, na wamenichukua kwa sababu ya udongo wetu. Wanamjengea tajiri wa California nyumba ya matope, wanataka mtu anayeyajua. Nafasi kama hii hairudi. Wenzangu nao wameshakwenda makwao. Nitakuja mwisho wa Julai bila kukosa.

Nakutumia mchoro wa jinsi ya kukandika: tabaka la kwanza nene, la pili laini lenye majani makavu. Mkichelewa, funikeni kwa nailoni.

Mwanao,
Zenaida

*

Las Moras, 29 Juni 1996

Kwa mwanangu Zenaida,

Mchoro umefika. Domitila ameugeuza huku na huku, akauliza kama huo mchoro una mikono.

Saruji yote imetoka. Ukuta wa mbele tumeukandika mpaka usawa wa kifua changu, juu ya hapo ngazi inatushinda. Upande wa chumba chako bado uko wazi. Nailoni ilichukuliwa na upepo, tumeikuta mtoni. Mawingu yamekaa mlimani tangu juzi.

Njoo Jumamosi kwa basi la asubuhi. Hata peke yako.

Mama yako,
Eufelia

*

Albuquerque, 6 Oktoba 1996

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Kazi iliongezwa mpaka Agosti, kisha nikaona aibu kuijibu barua yako. Nisamehe.

Nina habari njema. Kazi yangu ya darasa ni nyumba yetu. Nimeichora yote kwa kumbukumbu na nimekuwa wa kwanza. Mwalimu anataka kuwaleta wanafunzi waione. Kipimo kimoja tu kimenipotea: unene wa ukuta wa chumbani kwangu. Naomba unipimie.

Mwanao,
Zenaida

*

Las Moras, 20 Oktoba 1996

Kwa Zenaida,

Salamu zako zimefika. Nakuandikia kutoka nyumba ya bati ya Domitila, ile ya magurudumu, ninakolala tangu Julai. Joto linavujia nje kila upande, mwalimu wako angelia.

Mvua ilipiga siku tatu. Chumba chako kilianguka kwanza, kikavuta paa, na paa likavuta jiko. Sisi tulikuwa nje tumeshikilia nailoni, ndiyo maana tuko hai.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje uone mwenyewe. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kulingoja basi. Nina hasira, Zenaida, na sitaificha. Si hasira ya saruji, saruji tuliitaka sote. Uliniambia niivue, na ulisema kweli. Niliivua kwa neno lako, halafu mikono yako ukaipeleka kwa tajiri wa California.

Wanafunzi waje tu. Waambie wavae viatu vya mvua.

Kuhusu kipimo, jana nilikwenda na utepe wa baba yako. Ukuta wa kupima haupo. Nimepima rundo, linanifika gotini.

Eufelia