Boyerie ya Auderghem

Jumatatu, 5 Septemba 2011
Majani tena. Septemba ndiyo kwanza imeanza na miti ya bustani hii ya Auderghem, huku kwa Wabelgiji, tayari inatapika. Nafagia mbele, inamwaga nyuma. Wazungu wanapita nje ya uzio na mbwa wao, wanasema ni pazuri mno. Waje washike reki!

Alphonsine amepiga simu kutoka Likasi, kwetu Katanga. Mwaka wa nne mke wangu ananingoja. Nimemweleza: commune, ofisi ya serikali ya mtaa, wameandika anwani yangu, sasa polisi wa mtaa atakuja kuona kama kweli nalala hapa. Akisema ndiyo, faili la Alphonsine la kuja huku linaanza kutembea. Akisema hapana, limekufa.
“Bon, basi usitoke,” amesema.
Kama mbwa wa mlangoni. Ni kweli lakini. Nyumba yangu ni ya langoni.

Alhamisi, 8 Septemba
Matofali mekundu, madirisha yamechongoka kama ya kanisa, ndani baridi ya mochari. Walimjengea mfungua lango, miaka mia iliyopita. Sasa mfungua lango ni mimi. Nimeandika kwenye sanduku la barua: NDAY POLYCARPE. Herufi kubwa, polisi asipate kisingizio.

Madame Delvigne, mwenye mali, amepita na mbwa wake. Alizaliwa Likasi yetu, enzi za Wabelgiji, walipoiita Jadotville. Kiswahili chake ni amri tupu: leta, funga, ngoja. Miaka sabini na hajajifunza neno la kuuliza! Anajisifu kwamba paa la jumba lake ni shaba ya kwetu. Limeota kijani kama mkate uliooza. Baba yangu aliikohoa shaba hiyo hadi kaburini. Nimefunga lango.

Jumapili, 18 Septemba
Siku za urithi. Majumba ya zamani yote yanafunguliwa bure, na watu mia mbili wamekanyaga nyasi zangu. Madame amewaongoza mwenyewe: jumba, zizi la farasi, kidimbwi. Kisha kwangu. Mlango ulikuwa wazi, nakula bukari, ugali wetu, na dagaa. Akanyoosha mkono:
“Et voici notre boyerie!” Eti hii ndiyo boyerie yao.
Wamecheka. Mmoja amepiga picha sahani yangu.

Hawajui walichokicheka. Mimi najua. Boyerie ni kile kijumba cha nyuma ya nyumba ya mzungu, alikolala boyi, mtumishi wake. Baba yangu alizaliwa humo.

Crispin wa Bukavu, tunayefagia naye, amesema: “Papa Nday, acha. Ni neno tu.”
Nikamjibu: kwenu Bukavu ni neno. Kwetu ni chumba.

Jumatatu, 19 Septemba
Nimechukua rangi ya kijani ya uzio. Nimefunika jina langu, nimeandika juu yake BOYERIE. Madame aione kila asubuhi! Crispin amecheka hadi ameshika kiuno. “Sasa facteur atakuletea barua za boyi wote wa Katanga!”

Madame amepita mara mbili. Hata hakutazama.

Jumanne, 27 Septemba
Mjinga. Mjinga mimi!

Polisi alikuja Ijumaa. Nilikuwa kidimbwini, matope hadi magotini. Crispin alimwona kwa mbali na karatasi zake, akadhani ni mtu wa gesi. Leo barua ya commune: hapa hakuna mtu mwenye jina hilo. Facteur naye hakuona jina, ameipeleka kwa Madame, na Madame ameiacha juu ya ndoo yangu. Imefunguliwa.

Nimekimbilia commune. Mama wa dirishani hakuinua hata kichwa. Polisi atarudi mara moja tu, tarehe sita. Na mwenye nyumba awepo, athibitishe.

Jumamosi, 1 Oktoba
Petroli, wembe, sabuni. Rangi haitoki. Nimebandika karatasi yenye jina langu juu yake.

Nimemwomba Madame awepo. S'il vous plaît, tafadhali, mara tatu, nimezihesabu. “On verra,” tutaona, amesema, akimwangalia mbwa.

Alphonsine ameuliza kama polisi alikuja. Nimesema bado. Dhambi.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Polisi amefika saa nne, Madame amekuja na mwavuli. Karatasi yangu ilikuwa imelowa, inaning'inia kama ulimi. Polisi ameiinua kwa kalamu, akasoma chini yake.
“Boyerie, c'est quoi, ça?”
Boyerie ni nini, anauliza.

Akamgeukia Madame. Bwana huyu anaishi hapa, ndiyo au hapana?

Madame alilisoma lile neno. Uso ukawa mwekundu hadi shingoni. Kisha akaniangalia machoni, nadhani kwa mara ya kwanza.
“Ngoja,” akaniambia.
Kwa Kiswahili. Akageuka, akapanda njia ya kokoto kwenda jumbani, mbwa nyuma yake.

Sasa ni saa tano na nusu. Polisi yuko ndani ya gari lake. Amesema saa sita kamili anaondoka. Mlango wa jumba umefungwa. Simu inalia mfukoni – Alphonsine, nani mwingine.

Naandika hapa kizingitini kwangu. Nilitaka kumfuata, nigonge, nipige kelele. Miguu imekataa. Imesikia ngoja, imesimama.

Na nimeona sasa hivi tu: nimevua kofia. Kwenye mvua hii!