Chumba cha Mazoezi cha Wakunga

Jumatatu, 3 Machi
Nimefundisha tena kwa kupiga kelele. Juu mafundi wanang'oa mabati, chini wanafunzi wangu wa ukunga wanaandika huku vumbi likiwaangukia. Jengo la chuo linatengenezwa na sisi tumo ndani. Hapa Masisi hatuna pengine pa kufundishia. Kwenye vyumba vya nyuma wanaishi watu waliokimbia vita, familia tisa. Moshi wa mapishi yao unaingia darasani. Nimewachoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi ametuita walimu. Vyumba vya nyuma vitakuwa chumba cha mazoezi: vitanda, maji ya bomba, mwanasesere wa kujifunzia kuzalisha. Familia zihame kabla ya Jumatatu. Akauliza nani atawaambia. Wenzangu wakatazama meza. Nikasema mimi. Chumba hicho nilikiomba mwenyewe, barua baada ya barua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaambia. Wakaanza kukunja mikeka. Afadhali wangenitukana. Aliyesema ni Neema peke yake. Ana mimba ya miezi minane, mume wake alibaki kwenye machimbo ya Rubaya, hana habari zake.
"Mama Mwalimu, tutaenda wapi na hii mvua?"
Kambini, nikasema, nyuma ya kilima. Saa mbili kwa mguu.
"Kule njo tulitoka. Iko matope tu."
Nikamwambia akisikia uchungu aende hospitali mapema. Akajifunga kitenge, akarudi ndani.

Jumapili, 9 Machi
Wamehama. Wengine wameshika njia ya Kashebere, kwa ndugu zao. Neema kambini. Misa ilipoisha nilibaki kanisani makusudi, nisiwaone wakibeba sufuria. Woga mtupu.

Jumatano, 12 Machi
Ukuta wa kati umevunjwa. Mwanga umeingia mpaka mwisho. Pazuri. Nimefurahi kweli, nisijidanganye.

Jumanne, 18 Machi
Siku ya tatu ya mvua. Daraja la kwenda hospitali limekatika. Saa sita mchana wanaume wanne wameingia uwanjani na kipoyi, machela yao ya miti. Juu yake Neema. Amejifungua alfajiri, kambini, mtoto wa kike, mzima. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ilikuwa inadondoka njia nzima.
"Alisema tumulete kwa Mama Mwalimu," mmoja akasema.
Tukamlaza kwenye meza ya darasa. Dawa zilikuwa zimefungiwa stoo kwa sababu ya vumbi, na mwenye ufunguo hayupo. Fundi akavunja kufuli kwa nyundo. Nikamchoma sindano, nikatoa kondo kwa mkono, nikakanda tumbo. Wanafunzi walifanya yote niliyowaambia. Hakuna aliyekosea.
"Mama, niko na baridi," akasema.
Hakusema tena.
Angekuwa bado kwenye chumba cha nyuma, ningemfikia kabla sijamaliza kuvaa viatu.

Alhamisi, 20 Machi
Tumemzika. Mtoto amechukuliwa na mama mmoja wa kambi anayenyonyesha wake. Mkurugenzi ameniambia si kosa langu. Nimemwambia nataka sehemu ya chumba kile iwe ya wajawazito wa kambi, walale hapa wiki za mwisho. Akasema haimo kwenye mpango.
"Basi mimi siingii humo kufundisha," nikasema.
Akasema atafikiri.

Jumatano, 26 Machi
Bado anafikiri. Nafundishia kwenye baraza.

Jumatatu, 14 Aprili
Chumba kimefunguliwa. Hotuba fupi. Rangi bado inanuka. Mkurugenzi amekubali vitanda viwili tu, karibu na mlango. Nilitaka sita.
Mchana amekuja mjamzito wa kwanza kutoka kambini, Janine, aliyekimbia Itebero kwa miguu, siku nyingi msituni. Miguu imevimba. Wanafunzi wamempima presha, wamemwosha miguu. Nimemwambia alalie upande wa kushoto, damu imfikie mtoto vizuri, naye akafanya hivyo bila kuuliza kitu. Nimekaa kando yake mpaka akasinzia.