Vidole Vitatu Juu ya Daftari

Alunguli, Kindu, tarehe 14 Februari 1988

Mwanangu Fortunat,

Nakusalimu sana. Unakula? Unalala? Ile baridi ya Liège uliyoniandikia imepungua? Mimi mwili ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika nikivuka mto kwenda mjini. Nakuandikia kwenye meza ya baba yako.

Telegramu ilikufikia, najua, kwa sababu jibu lako lilisomwa kanisani. Lakini telegramu haielezi mambo. Baba yako Léon alikufa Jumanne asubuhi, tarehe 12 Januari, akiwa amevaa viatu kwenda kazini. Hakuteseka. Nilimvua viatu mwenyewe. Kimoja kilikuwa bado hakijafungwa kamba.

Citoyen Constantin, aliyemwajiri miaka kumi na mmoja kwenye phonie, ile redio ya kupeleka ujumbe ya duka lake, aliniletea vitu vyake: kikombe, penseli, na daftari la maneno yenu ya siri. Siku hizi anayezungumza kwenye phonie ni Bakari. Anafanya vizuri, ila hakohoi. Unakumbuka baba yako alivyokohoa kidogo kabla ya kubonyeza kitufe? Hata watu wa Punia walikuwa wanasema, "Léon ameingia."

Sasa neno zito. Baba yako mdogo Kasimu alikuja kutoka Punia kwa matanga, na hajarudi. Anasema nyumba ni ya ndugu wa marehemu, mimi niende Obokote kwa kaka zangu. Familia imekaa, ikaamua mtoto wa kwanza ndiye aseme. Kwa kuwa barua zinachelewa, watasikiliza neno lako kwenye phonie siku za Pasaka.

Sikulazimishi, mwanangu. Lakini katika nyumba hii nimekaa miaka ishirini na sita.

Mimi mama yako,
Marceline

*

Liège, tarehe 13 Machi 1988

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole ambayo haitoshi. Mimi ni mzima. Baridi bado ipo, lakini nimepata koti la rafiki. Nimesoma mara nyingi ile habari ya kamba ya kiatu.

Nyumba ni yako, Mama. Usihame. Barua hii anaibeba padri mmoja anayepitia Kisangani, na sijui itafika lini. Kwa hiyo Ijumaa Kuu nitampigia simu Assani, yule rafiki wa Baba aliye kwenye phonie ya Kinshasa, naye atawaambia. Nisiposikia jibu, atarudia Jumatatu ya Pasaka. Usipokee ujumbe wowote kwa jina langu bila neno la daftari. Kwenye phonie kila mtu anasikia, na kila mtu anaweza kusema.

Uliniuliza zamani ninafanya nini hapa maabara. Naandika vipande vidogo vya programu, katika lugha ya kompyuta inayoitwa C, herufi moja tu. Vipande hivyo vinaisaidia programu kubwa kumtambua mtu kwa neno linalotumika mara moja, kisha linakufa. Fikiria sombe, yale majani ya muhogo. Majani yakishatwangwa, hakuna awezaye kuyarudisha yawe majani. Kipande changu kinatwanga neno la siri mara mia, na mashine inakumbuka lile la mara mia. Siku ya kwanza mtu analeta lililotwangwa mara tisini na tisa. Mashine inalitwanga mara moja zaidi, inalinganisha, inafungua mlango, na sasa inakumbuka hilo badala ya lile la mia. Kesho yake analeta la tisini na nane. Mwizi aliyesikia la leo hawezi kupata la kesho, maana kinu hakirudi nyuma.

Mkuu wangu aliponieleza kwamba tunaanza mwisho kurudi mwanzo, nilicheka. Nikamwambia baba yangu hufanya hivyo kwa penseli. Siku nilipoondoka aliandika maneno thelathini, nakala mbili, akaniambia: "Anza chini, panda juu. Mwizi akifungua daftari, jicho lake linaanza juu."

Lakini kazi yangu ina ila. Neno moja likipotea njiani, mashine inaendelea kulingojea lile lile, na mtu ameshalipita. Anafungiwa nje, na mlango ni wake. Mkuu amenipa mpaka Juni nirekebishe. Sijui nianzie wapi.

Mwanao,
Fortunat

*

Alunguli, tarehe 10 Aprili 1988

Mwanangu Fortunat,

Je, uko salama? Tangu telegramu sijaona barua yako hata moja. Mimi nakula, ila usingizi unanipita mbali. Nakueleza yaliyotokea, nawe unijibu kwa mkono wako mwenyewe, upesi.

Alhamisi Kuu tulikuwa dukani kwa Constantin, familia yote, tumekaa juu ya magunia ya chumvi. Phonie ikaita. Sauti ikasema: "Kindu, Kindu, hapa Kinshasa. Iko ujumbe ya Fortunat. Anasema anakubali baba mudogo akamate nyumba. Mama aende Obokote kwa kaka zake, apumuzike."

Masikio yangu yalijaa maji. Nilisema moyoni, basi Ulaya imemmeza. Kasimu akanishika bega: "Vumilia, shemeji. Mutoto amesema."

Bakari ndiye aliyekumbuka. Akauliza, "Neno njo gani?"

Sauti ikajibu haraka, "Meza."

Nikafungua daftari. Meza ni neno la juu kabisa! Sisi tumekata tisa kutoka chini, na lililokuwa linafuata ni ndoo. Nikaanza kucheka, mpaka dada zake baba yako wakafikiri nimepatwa na kitu. Nikawaambia, "Huyu hakutumwa na mwanangu. Mwanangu anaanza chini."

Constantin akasema, "Bakari, funga. Hata mwizi wa kuku anazunguka banda kwanza. Huyu amekamata kuku wa mlangoni." Watu wakacheka. Kasimu alitoka nje, tukamwona tena jioni.

Ijumaa Kuu mvua ilipiga mchana kutwa, phonie ikawa inalia tu kama mahindi yanayokaangwa. Jumatatu ya Pasaka ikaita tena, sauti nyingine, mbali sana: "Fortunat anasema nyumba ni ya mama yake. Asihame." Shangazi yako Françoise akapiga vigelegele.

Bakari akauliza neno. "Pazia."

Vigelegele vikakatika. Neno letu lilikuwa ndoo. Kasimu akasimama: "Aa-aa! Ile ulikataa juu ya neno. Kataa na hii!"

Alikuwa na haki, mwanangu. Ujumbe huo niliupenda, lakini kuupenda si ushahidi. Nikaweka mkono juu ya daftari. Hapo nikamwona baba yako. Wakati wa kusikiliza alikuwa anaweka vidole vitatu kwenye ukurasa, kwenye maneno matatu yanayofuata juu ya lile lililokatwa mwisho. Mimi nilidhani anapumzisha mkono. Siku moja nilimwambia, "Léon, utachafua daftari." Akanijibu, "Mvua inakula maneno, Marceline. Moja, hata mawili. Zaidi ya hapo si mvua tena."

Nikaweka vidole vyangu vitatu. Ndoo, pazia, kinu. Pazia lilikuwa chini ya kidole cha katikati. Meza iko mbali, hata mikono miwili haifiki.

Nikasema, "Ninapokea." Nikakata pazia, nikakata na ndoo, mtu asije kesho na ndoo mkononi.

Kasimu anasema sheria hiyo nimeizaa siku ile ile dukani. Familia imegawanyika. Wamesema tungoje barua ya mwandiko wako mpaka mwisho wa Juni, isipofika, nitahama.

Kama si wewe uliyesema, niambie tu, nitakwenda Obokote bila kukasirika. Kama ni wewe, nijulishe.

Mama yako,
Marceline

*

Liège, tarehe 15 Mei 1988

Mama,

Ni mimi. Ndoo ni mimi, na pazia ni mimi. Nyumba ni yako. Wasomee hapo kwanza, halafu ndiyo tusalimiane.

Hujambo, Mama yangu? Mimi sijambo, leo kuliko siku zote. Barua yangu ya Machi inaonekana bado inatembea. Ijumaa Kuu Assani alisema neno ndoo katikati ya ile mvua, hakusikia jibu. Jumatatu akaniuliza, "Nirudie ndoo?" Nikamkataza. Neno likishatoka kinywani limetumika, hata kama hakuna aliyelisikia. Nikampa linalofuata. Jibu lenu halikumfikia, na baada ya hapo sikulala. Nilijua utalikataa, maana mashine yangu ingelikataa.

Jana ndipo barua yako ilipofika. Niliisoma kwenye ngazi za maabara, nikiwa na koti bado. Nilipofika kwenye vidole vitatu nilirudi ndani mbio. Sasa kipande changu kinalitwanga neno mara moja. Lisipofanana na la mwisho, kinalitwanga mara ya pili, kisha ya tatu. Likigoma hapo, mlango unabaki umefungwa. Na likikubali, yaliyorukwa yanakufa pamoja nalo, kama ulivyokata ndoo. Ni mistari kumi na minne tu. Juu yake nimeandika maelezo ambayo mashine haiyasomi, ni kwa ajili ya watu: *vidole vitatu*.

Mkuu alijaribu kukivunja asubuhi nzima. Halafu akauliza wazo ni la nani. Nikasema, la mtu wa phonie wa Kindu. Akataka anwani yake. Hapo ndipo nililia, Mama, mara ya kwanza tangu telegramu. Kilikuwa kilio kizuri. Mkuu alinifungia mlango, akaniletea kahawa.

Daftari letu limeguswa. Niandikie maneno mapya.

Mwanao,
Fortunat

*

Alunguli, tarehe 26 Juni 1988

Mwanangu Fortunat,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na nyumba yenyewe, maana bado imesimama na mimi niko ndani.

Barua zako mbili zimefika siku moja! Ile ya Machi ilikuwa imezunguka hadi Bukavu na kurudi. Bakari alizisoma zote mbele ya familia, na ile ya sombe aliisoma mara mbili. Françoise akasema, "Kumbe Wazungu wanalipa watu kutwanga."

Kasimu alisikiliza ameinama. Walipotawanyika alibaki mlangoni. "Shemeji, ile meza njo mimi. Siku ya matanga daftari ilikuwa juu ya sanduku. Nilifungua, nikaona neno ya kwanza. Rafiki yangu wa Punia njo alisema kwenye phonie."

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniomba?"

Akasema nyumba yake ya Punia ilianguka na mvua ya Desemba, na aliona haya kumwambia kaka yake. Halafu kaka akafa, haya ikabaki na yeye.

Nimempa chumba cha nyuma mpaka ajenge. Jana alipanda juu ya paa kuziba mahali panapovuja, pale juu ya kitanda changu. Alikuwa anapiga misumari na kuimba vibaya. Nililala usingizi wa mchana, mwanangu, tangu Januari sijalala hivyo.

Maneno mapya nimeandika kama baba yako: nilikaa kwenye meza yake, nikaandika ninachokiona. Meza nimeirudisha juu kabisa. Iko pale kwa ajili ya wezi. Neno la chini tu ndilo silioni. Hilo nalisikia, hasa asubuhi, wakati wa kuvaa viatu. Sista Hélène anaibeba karatasi hii ndani ya kitabu chake cha sala. Usimwonyeshe mtu. Na unajua pa kuanzia.

Mama yako,
Marceline

meza
sufuria
dirisha
msumari
paa
kikombe
penseli
kamba
kikohozi